Kura ya Mzee Mwaijande

Kisa hiki nimetumiwa, nami nakutumia. Usikisome nusu ukakiacha njiani, maana utamu wake uko mwishoni, na uchungu wake pia.

Katika kata moja ya milimani, kule ambako mvua hainyeshi kwa kupiga hodi na migomba huja hadi mlangoni pa nyumba, waliishi ndugu wawili, kaka na dada. Kaka aliitwa Gwamaka, dada aliitwa Subilaga. Baba yao alifariki wakiwa wadogo. Mama yao naye alifariki Subilaga akiwa na miaka tisa, tena alifia njiani, amelazwa kwenye machela ya miti, wanaume wanne wakimkimbiza hospitali ya mbali kwa sababu kijijini kwao hapakuwa na zahanati.

Wakati huo Gwamaka alikuwa kidato cha pili. Baada ya matanga hakurudi tena darasani. Alikwenda kuchuma chai kwenye mashamba ya watu ili mdogo wake ale, avae na asome. Subilaga alipomaliza shule akataka kujifunza ushonaji, ni Gwamaka aliyembebea cherehani yake ya kwanza, begani, kwa miguu, kutoka barabara kuu hadi kijijini, kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Subilaga alimpenda kaka yake, ujue amesema kidogo.

Miaka ikapita. Gwamaka akaoa mke aitwaye Bupe, mwanamke mchapakazi na mwenye mdomo mwepesi wa kucheka. Subilaga akawa fundi cherehani anayejulikana kata nzima. Sare za shule, magauni ya harusi, suruali za wazee, vyote vilipita mikononi mwake.

Kisha diwani wa kata hiyo akafariki, ukatangazwa uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi yake. Gwamaka akachukua fomu.

"Nataka zahanati," aliwaambia watu kwenye mkutano wake wa kwanza. "Sitaki mtoto mwingine wa kata hii afuate machela ya mama yake kwa miguu."

Wazee walivua kofia. Wengi walikuwepo siku ile.

Mpinzani wake alikuwa Mwalimu Tusekile, mama mstaafu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa kata ile. Si mtu wa maneno mengi. Yeye naye aliitaka zahanati, ila alisema daraja la mtoni lianze kwanza, kwa sababu zahanati bila daraja ni nyumba tu, dawa hazitavuka maji masika yakija. Basi kata ikagawanyika pande mbili, wa zahanati na wa daraja, na hata kwenye foleni ya kusaga mahindi watu walisimama kwa makundi.

Subilaga hakulala vizuri kwa mwezi mzima. Alishona vitambaa vya kichwa vya rangi ya chama cha kaka yake hadi vidole vikamuuma. Bupe alizunguka nyumba kwa nyumba. Ipyana, rafiki wa Gwamaka tangu utotoni, alikaa nyuma ya pikipiki na spika begani, akimnadi rafiki yake kijiji kwa kijiji hadi sauti ikamkauka.

Siku ya kura ikafika.

Subilaga alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya kituo chao, darasa la shule ya msingi. Akapiga kura yake, akachovya kidole kwenye wino, akatoka na kusimama mbali na kituo pamoja na wanawake wengine.

Saa nne asubuhi akaja Mzee Mwaijande.

Mzee huyu alikuwa msukaji wa matenga ya mianzi, yale wanayopakia maparachichi. Macho yalimwacha alipokuwa na miaka hamsini hivi, lakini mikono haikumwacha, na matenga yake yalijulikana kwa kutokufumuka. Chaguzi zote tangu hapo alikuwa akipigiwa kura na mkewe. Sheria inaruhusu, asiyeona huja na mtu anayemwamini, wakaingia pamoja, naye akamwekea alama pale atakapomwambia. Lakini mkewe alikuwa amefariki kipupwe kilichopita. Siku hiyo aliongozwa na jirani tu.

Msimamizi wa kituo akamuuliza, "Mzee wetu, shikamoo. Nani atakusaidia? Huyu jirani yako?"

"Marahaba. Hapana. Mniitie Subilaga, yule fundi cherehani. Nimesikia sauti yake hapo nje."

Darasa zima likageuka. Wakala wa Mwalimu Tusekile, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, akainuka mzima mzima.

"Mzee! Huyo ni dada wa mgombea! Dada wa tumbo moja!"

"Najua," mzee akajibu. "Mimi ni kipofu wa macho, si kipofu wa habari. Huyo mgombea mwenyewe nilimbeba mgongoni."

"Lakini mzee, fikiria vizuri…"

"Sheria inasema nimlete ninayemwamini, au inasema nimlete unayemwamini wewe?"

Msimamizi akafungua kitabu chake cha maelekezo, akasoma, akafunga. "Ana haki," akasema. "Mwiteni."

Subilaga aliposikia anaitwa, moyo ulimruka kwa furaha. Akajua ni kura nyingine kwa kaka yake. Kwa nini mzee amwite yeye, dada wa Gwamaka, kama si kwa hilo? Wakala wa kaka yake naye alimkonyeza alipokuwa akipita mlangoni.

Akamshika mzee mkono, wakaenda pamoja hadi kwenye kituturi, kile kibanda cha boksi gumu kilichowekwa juu ya dawati, kwenye pembe, mtu asione unachoandika. Akaitandaza karatasi ya kura. Picha mbili, majina mawili, na visanduku viwili vitupu.

Mzee akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, niwekee kwa Mwalimu."

Subilaga alidhani hakusikia vizuri. "Nani, mzee?" akanong'ona.

"Mwalimu Tusekile."

Alihisi kama mtu aliyekanyaga hewa mahali alipotegemea ngazi.

Akaitazama picha ya kaka yake. Shati lile alilipiga pasi yeye mwenyewe asubuhi ya kupigwa picha. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mzee haoni. Msimamizi yuko kule. Mawakala wako kule. Ni alama moja tu, mistari miwili midogo, na hapana mwanadamu duniani atakayejua.

Tena wazo likamjia lililovaa nguo nzuri. Likamwambia, hii si dhuluma, Subilaga. Mzee hajui tu. Zahanati ikijengwa si ni yeye atakayekuwa wa kwanza kutibiwa? Unamsaidia. Mama yako alikufa kwenye machela. Kaka yako aliacha shule kwa ajili yako. Umewahi kumlipa nini?

Ncha ya kalamu ikasogea kwenye kisanduku cha Gwamaka. Ikakaa juu yake, haijagusa.

Akainua macho kumtazama mzee, labda ili aone kama anashuku chochote. Akaona jambo ambalo hakulitegemea. Mzee Mwaijande alikuwa ameugeuza uso wake ukutani. Mtu asiyeona, amegeuka pembeni, kama tunavyogeuka sote mwenzetu anapoandika jambo la siri. Hakuwa akimchunga. Alimpa nafasi.

Subilaga akaisogeza kalamu. Akaweka alama kwa Mwalimu Tusekile.

"Umeweka?"

"Nimeweka, mzee."

"Pale nilipokuambia?"

"Pale uliponiambia."

"Nikunjie."

Akaikunja, akampa. Mzee akaipapasa, akaongozwa hadi kwenye sanduku, akaitumbukiza kwa mkono wake mwenyewe. "Ndaga, mwanangu," akamshukuru kwa lugha ya kwao, kisha akatafuta fimbo yake na kuondoka.

Mlangoni, wakala wa Gwamaka alimnong'oneza Subilaga, "Kura mbili safi, dada!" Subilaga akampita. Akaenda nyumbani moja kwa moja, akakaa mbele ya cherehani, akashona mshono mmoja mara nne na kuufumua mara nne.

Jioni ile kura za vituo vyote zikajumlishwa kwenye ofisi ya kata. Watu walijaa uwanjani. Msimamizi akatoka na karatasi.

"Mwalimu Tusekile, kura elfu moja mia mbili na nne. Ndugu Gwamaka, kura elfu moja mia mbili na tatu."

Wakala wa Gwamaka akadai zihesabiwe upya. Zikahesabiwa. Ikawa vilevile. Kura moja.

Upande mmoja ulilipuka kwa vigelegele. Upande wa pili watu walisimama tu, kama waliofika kituoni basi likiwa limeondoka sasa hivi. Subilaga alijishikilia kwenye mti wa bendera. Ndani ya kichwa chake mlikuwa na hesabu moja tu. Angeweka ile alama kwa Gwamaka, Mwalimu angebaki na mia mbili na tatu, na kaka yake angekuwa na mia mbili na nne. Mkono wake mwenyewe ndio uliomwangusha mtu aliyembeba duniani.

Siku zilizofuata nyumba ya Gwamaka ilikuwa kama ya msiba. Hakula, hakwenda shambani. Waliokuja kumpa pole walimletea na sumu pia.

"Kura moja, mheshimiwa! Hiyo ni ya mtu wa ndani. Kuna mtu amekuuza."

"Nani?" Gwamaka akauliza.

"Jiulize mwenyewe. Ipyana alionekana siku moja kabla ya uchaguzi kibarazani kwa Mwalimu. Wanacheka."

Ni kweli Ipyana alikwenda kule. Mwanawe alikuwa akifundishwa masomo ya jioni na Mwalimu, naye alikwenda kumchukua. Lakini mtu aliyeumia hataki maelezo, anataka mtu. Ipyana alipokuja kumsalimu rafiki yake, Gwamaka alisimama mlangoni asimkaribishe.

"Ulicheka naye vizuri, sivyo?"

"Gwamaka, unasema nini?"

"Nasema usikanyage tena uwanja wangu. Jumatatu naenda mjini kumwona wakili. Nitafungua kesi, na wote walioniuza watajulikana."

Ipyana alibaki amesimama pale uwanjani, kofia mkononi. Alijaribu kusema neno, na ile sauti yake iliyokauka kwa kumnadi rafiki yake haikutoka. Akageuka, akaondoka akijifuta macho kwa kofia.

Subilaga aliyaona yote hayo akiwa jikoni pamoja na wifi yake Bupe. Akamtazama Bupe, akitumaini atasema neno la kumtetea Ipyana. Bupe aliinamia sufuria, akazidi kukoroga. Tangu siku ya kura kicheko chake kilikuwa kimepotea, na Subilaga alidhani ni uchungu wa kushindwa.

Usiku na mchana Subilaga alikuwa akivutwa huku na huku. Akinyamaza, Ipyana anabeba mzigo usio wake. Akisema, anaitoa siri ya Mzee Mwaijande, na siri ya kura si mali ya aliyeshika kalamu, ni ya mwenye kura.

Jumapili baada ya ibada akaenda kwa mzee. Akamkuta kibarazani anapasua mianzi. Akamweleza kila kitu, pamoja na yale ambayo hakupanga kuyasema. Akamwambia jinsi kalamu ilivyokaa juu ya kisanduku cha kaka yake.

Mzee aliacha kupasua.

"Ilikaa muda gani?"

"Sijui, mzee. Mimi niliona kama mwaka."

"Nilikusikia pumzi."

"Sasa kwa nini uliniita mimi?" Subilaga akalia. "Watu wote wa kata hii, ukaniita mimi, kisha ukaniambia niandike jina lile! Ulitaka kunijaribu?"

"La, mwanangu. Mimi ni nani nimjaribu mtu? Niliogopa tu." Mzee akaupapasa mwanzi, akauweka chini. "Mke wangu ndiye aliyekuwa macho yangu. Alipoondoka, nikaanza kuhesabu watu. Huyu atanisomea barua kama ilivyo? Yule ataniambia kama chakula kimeharibika? Nikakukumbuka wewe. Uliponishonea koti langu, uliniambia kwamba uzi mweusi uliisha, bitana umeimalizia kwa uzi wa bluu. Bitana, tena kwa kipofu! Nani angejua? Basi siku ya kura nilipoisikia sauti yako, sikuwaza wewe ni dada wa nani. Nilikosea. Ningewaza uchungu wako pia."

Subilaga akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Hiyo siri ni yangu," mzee akasema, akitafuta fimbo. "Na mimi naifungua leo. Nishike mkono, twende kwa kaka yako. Ipyana asife na dhambi ya kura yangu."

Walimkuta Gwamaka ameketi kibarazani, na Bupe chini kwenye mkeka akimenya ndizi za mchana. Mzee alikataa kiti.

"Gwamaka, nimekuja kukuambia jambo nikiwa nimesimama. Mimi sikukupa kura. Nilimpa Mwalimu. Sababu ni zangu, na kura si barua, haihitaji maelezo. Aliyeniwekea alama ni dada yako. Nilimwambia aandike, akaandika nilivyosema. Kama unatafuta aliyekuangusha, niko hapa. Mwache Ipyana, na mwache huyu binti."

Gwamaka aligeuka polepole kumtazama dada yake.

"Wewe, Subi?"

"Mimi, kaka."

"Ukajua ni mimi. Ukajua mzee haoni."

"Nilijua."

"Na ukaandika jina lake?"

Subilaga akapiga magoti. "Kaka, nilitaka kuandika lako. Mungu anajua nilitaka. Mkono ulikataa. Nisamehe, lakini sikuweza kuchukua neno la mtu mdomoni mwake nikatia jingine."

Gwamaka alifunua mdomo, na kwa jinsi mishipa ya shingo ilivyosimama, Subilaga aliinamisha kichwa kungoja maneno mazito.

Lakini hakuwa Gwamaka aliyepiga kelele. Alikuwa Bupe.

Kisu kilimdondoka mkononi, akajishika kichwa. "Mimi niliweza!" akalia. "Wifi, wewe hukuweza, mimi niliweza!"

"Uliweza nini?" Gwamaka akauliza.

Maneno yakamtoka Bupe kwa vipande. Asubuhi ya siku ya kura alikuwa amempeleka shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, kwenye kituo cha ng'ambo ya kilima. Bibi huyo ana mtoto wa jicho, haoni karatasi. Ndani ya kituturi shangazi alimwambia, niwekee kwa Mwalimu. Bupe akamjibu, sawa, shangazi. Akaweka kwa mumewe.

"Nilikuona hulali," Bupe akasema, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Nilikuona unavyomwota mama yako. Nikasema ni kura moja tu, nani atajua? Shangazi akanishukuru, Gwamaka. Akaniwekea mkono kichwani akanibariki. Tangu siku hiyo silali. Kila unapotaja mtu aliyekuuza, nasikia unanitaja mimi."

Gwamaka aliyatazama maganda ya ndizi. Midomo yake ilikuwa ikitembea kidogo, na Subilaga akatambua kwamba kaka yake anapiga hesabu.

"Toa moja kwangu," akasema mwishowe, "ongeza moja kwake. Elfu moja mia mbili na tano, kwa elfu moja mia mbili na mbili." Akainua uso. "Hatukushindwa kwa kura moja. Tulishindwa kwa tatu."

Akamwinua dada yake kutoka chini.

"Unasikia, Subi? Kura ya mzee peke yake isingetosha. Ungeiiba na hiyo, leo ningekuwa nimeapishwa udiwani, na udiwani wenyewe wa kuiba kwa mzee kipofu na kwa shangazi yangu. Ningewaangalia watu usoni, nisijue." Akampangusa vumbi la magotini. "Mama hakunilea hivyo. Wewe hukuniangusha. Wewe peke yako hukunidanganya."

Bupe alikuwa bado amejikunja kwenye mkeka. Gwamaka akaenda akaketi kando yake, mbele ya mgeni na mbele ya dada yake, akaokota kile kisu na kuanza kumenya ndizi zilizobaki. Hakumwambia neno la ukali. Baadaye alimwambia tu, "Kesho tutakwenda pamoja."

Hakwenda mjini Jumatatu ile. Asubuhi na mapema alikwenda kwa Ipyana, akabisha hodi na kusimama nje kama mgeni. Walichozungumza hakuna aliyekisikia, lakini walionekana wanatoka pamoja, Ipyana amemtangulia njia. Kisha akaenda kwa Mwalimu Tusekile, akampa mkono wa pongezi mbele ya majirani. Mwalimu akamkaribisha chai, akamwambia, "Hiyo zahanati yako, niandikie ulivyoipanga. Daraja likiisha sitaki tuanze kutafutana."

Mchana, yeye na Bupe na Subilaga wakapanda kilima kwenda kwa shangazi.

Walimkuta anapukuchua maharage, akiyatambua kwa vidole. Gwamaka akachuchumaa mbele yake. Bupe akapiga magoti na kumweleza alichofanya, bila kujitetea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake havikusimama hata mara moja.

"Nimekusikia," akamwambia Bupe. "Usirudie. Ile baraka niliyokupa siichukui, lakini usirudie."

Gwamaka alitaka kunyamaza, akashindwa. Swali lilikuwa linamchoma.

"Shangazi, nami niulize. Mimi ni mtoto wa kaka yako. Kwa nini Mwalimu?"

Sasa vidole vikasimama.

"Mwalimu alikuja hapa mara mbili, mwanangu. Alikaa hapo ulipo, akaniuliza ninataka nini kwenye kata hii. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe ulipita kule barabarani na spika. Nikakusikia unanisalimia, mimi na wananchi wote."

Gwamaka akainamisha uso.

"Niliweka hata uji jikoni," shangazi akaendelea, kwa sauti ya chini, isiyo na lawama. "Nikasema akishuka kwenye hiyo pikipiki atakuwa na njaa. Ungekuja ukaniomba, ningekupa. Nani ningempa kama si wewe? Lakini hukuja."

Subilaga aligeuza uso pembeni, asimtazame kaka yake akilia.

Kisha Gwamaka akajifuta uso kwa mkono wa shati, akavuta kigoda, akaketi karibu na ungo wa maharage.

"Basi niambie leo, shangazi," akasema. "Unataka nini?"

Bibi akacheka kidogo, akajisogeza vizuri, na akaanza kusema.

Funzo: Ukikabidhiwa neno la mtu asiyeweza kuliandika mwenyewe, lifikishe kama alivyokupa, hata kama linaiumiza damu yako, na wewe unayeitaka kura, jua kwamba kura huombwa kwa mwenyewe, haikisiwi wala haichukuliwi.